Saruji ya Baraza la Wazee

Kilungu, Jumapili, alasiri. Jua limekuwa kali tangu ibada ilipokwisha, na moyo wangu haujatulia.

Matokeo ya kidato cha nne yamefika. Leo, tulipokuwa tumesimama juani nje ya kanisa tukingoja mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, wazee walizipanga shule zetu tatu za upili kama wanavyopanga ng'ombe sokoni. Ile ya barabarani imeongoza. Ya ng'ambo ya bonde imefuata. Yetu ya harambee, ambayo mimi ni mwenyekiti wa halmashauri yake, imeshika mkia.

Nzioka, rafiki yangu tangu tulipobatizwa pamoja, alinunua papai mnadani akanikabidhi mbele ya wote.

"Mpelekee mwalimu mkuu wako, Mwenyekiti. Kuomba mnaomba vizuri. Sasa mwambie afundishe na hesabu."

Walicheka. Nami nilicheka, ingawa maneno yale yalinichoma.

Nilikuwa nimekwisha kuazimia kumhamisha Mwende, binti yangu wa kidato cha tatu, aende shule ya barabarani. Jana nilimweleza mama yake. Aliendelea kuchambua mbaazi, kisha akasema, "Mwenyekiti akimtoa wake, wazazi wengine watangoja nini?"



Leo tukirudi nyumbani nilimwuliza Mwende mwenyewe. Alinijibu tulipofika mtoni.

"Baba, kule wakifika asubuhi wanashika vitabu. Sisi tunashika mitungi."

"Basi unataka kwenda?"

"Nataka maji yaje shuleni. Nikienda, Kalondu atapanda mlima huu na nani?"

Kalondu ni mwenzake wa dawati.

Nimeyasoma matokeo mwaka baada ya mwaka na kuyaombea kwa machozi. Mto ule nauvuka kila Jumapili. Sikuwahi kufikiri kwamba wenzao humaliza somo la kwanza watoto wetu wakiwa bado njiani na maji ya jiko la shule.

Mabati ya madarasa yapo, na mvua huyapiga bure. Kinachokosekana ni tangi la kukinga maji yake.

Saruji imo katika stoo ya kanisa. Tuliichanga ili kujenga baraza, wazee tupate kivuli baada ya ibada. Aliyeiombea saruji hiyo kuliko wote ni mimi. Mke wangu, anayeongoza mwethya, kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, anasema mchanga na mawe watabeba wao.

Kesho asubuhi nitamwendea mchungaji nimwombe saruji hiyo ijenge tangi. Nzioka atanung'unika, maana kipara chake ndicho kinachoungua zaidi, na bado nitamwomba aje na koleo.

Mwende anabaki.

Papai la mwalimu mkuu tumelila wenyewe, Bwana atusamehe. Mbegu zake Mwende amezianika dirishani. Anasema atazipanda shuleni, kando ya tangi.