Baraka Kwanza, Kisha Kikohozi

Malambo, 6 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na mama hamjambo, na vitunguu vimenusurika na ile mvua. Mimi mzima, joto tu ndilo linalonikomoa. Mtandao huku mpaka upande kilima, kwa hiyo barua hii nimempa Modest, dereva wa lori la mnada.

Baba, nimepatikana. Unajua utafiti wetu: tumeletewa mashine ya kupima kifua kikuu ikae hapahapa Malambo, tuone kama wagonjwa wataanza dawa mapema kuliko makohozi yakisafirishwa mbali. Ufadhili unakwisha Juni. Hapo madiwani wataamua kama halmashauri iichukue na kuitengea fedha, au irudi ilikotoka. Bila majibu yanayoeleweka, inarudi.

Sasa sikia. Mzee Ngoitiko, ambaye wote hapa humsikiliza, nilimpa kikombe nikamwambia, "Mzee, temea humu." Akanitazama kwa upendo, akaniombea watoto na ng'ombe, akakinyunyizia kikombe mate kidogo, pwii! Kwa Wamaasai hiyo ni baraka. Wazee wote waliokuwa nyuma yake wakafuata. Vikombe themanini, Baba, mate matupu! Mashine inataka makohozi ya kifuani. Nimebarikiwa mpaka nakaribia kufukuzwa kazi.

Nicheke au nilie?

Mwanao,
Benedicta

Karatu, 15 Februari 2024

Binti yangu,

Marahaba sana. Sisi wazima. Vitunguu vimeoza nusu, na mama yako anasema ni mimi niliyechelewa kuving'oa. Achana naye.

Nimecheka mpaka nikamwaga chai. Una digrii, halafu unamwambia mzee wa Kimaasai "temea"? Ulitegemea nini? Mimi nilipougua, nesi alinifundisha hivi: vuta pumzi mpaka mbavu ziume, ishikilie, iachie. Mara mbili. Ya tatu, kohoa kutoka chini kabisa, kama unang'oa kisiki. Kinachokuja kizito ndicho. Kinachokuja chepesi ni mate tu.

Waambie hivyo. Lakini jina langu usilitaje hata kwa bahati mbaya. Hapa kanisani wote wanaamini ile miezi sita nilikuwa na vidonda vya tumbo. Waendelee kuamini hivyo.

Baba yako

Malambo, 1 Machi 2024

Baba,

Shikamoo tena, na poleni kwa vitunguu. Nimejaribu, nimeaibika. Binti wa miaka ishirini na sita nisimame mbele ya wazee nikohoe kama trekta bovu! Walijifunika shuka usoni kwa kunionea haya. Nesi Lekoko, ninayefanya naye kazi zahanati, naye ni rika la watoto wao, hathubutu kuwaelekeza. Anatakiwa mzee mwenzao, aliyeugua akapona.

Njoo, Baba. Najua ninachokuomba. Sina mwingine.

Mwanao,
Benedicta

Malambo, 12 Aprili 2024

Binti yangu,

Hujambo huko Arusha kwa wafadhili? Nimekuja, na Lekoko ananiambia umeondoka jana. Basi barua hii nakuachia mezani.

Wiki sita sikukujibu kwa sababu nilikukasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Juzi nikamwambia mama yako naenda kuangalia mbuzi mnadani. Akasema, "Nenda, na ukawaambie ukweli." Kumbe barua zako zote anasoma!

Ngoitiko alinikaribisha chai ya maziwa. Tukataniana kwanza. Akasema sisi Wambulu tunalima mpaka mlangoni, nikamwambia nyinyi mnachunga mpaka jikoni. Ndipo nikamwambia, "Mimi niliugua kifua kikuu. Nilimeza dawa miezi sita, nikadanganya kanisa zima." Nilidhani atasogeza kigoda chake mbali. Alikisogeza karibu. Akauliza, "Ulikuwa unalowa jasho ukilala?" Nikasema sana. Akasema, "Mimi pia."

Basi nikamfundisha kwa kikombe kitupu, mbavu mpaka kisiki. Likabaki jambo moja: hataki kukunyima baraka. Tumekubaliana hivi. Baraka kwanza, hewani. Kisha mtu anakwenda kando, nje, peke yake, na kikohozi kinaingia kikombeni. Leo wamefanya hivyo watu thelathini na mmoja, na Lekoko anasema yote ni makohozi ya kweli. Nimefurahi, mwanangu, kama siku uliyozaliwa!

Baba yako

Wasso, 27 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Msalimie mama, mwambie asome na hii. Ninaandika nje ya ukumbi wa madiwani, mwandiko unaruka.

Niliwasomea matokeo. Vikombe mia mbili na kumi vilivyofaa, wagonjwa kumi na wanne, na wote walianza dawa ndani ya siku mbili. Zamani walisubiri wiki tatu. Diwani mmoja akasimama: "Takwimu nzuri. Lakini huyu binti akiondoka na ufadhili wake, nani atawafanya wazee wakohoe? Tutabaki na mashine ya kupima mate?" Ukumbi ukacheka. Nikaanza kupekua karatasi zangu.

Ngoitiko alikuwa amekaa nyuma na wananchi. Akaomba ruhusa, akapewa.

"Mimi nitawafanya wakohoe," akasema. "Niko wiki ya kumi ya dawa, na nimenenepa, mnaniona. Nimeshafundisha boma langu na maboma ya jirani. Anayedhani siwezi, alete kikombe."

Mwenyekiti akamuuliza nani alimfundisha. "Mmbulu mmoja wa Karatu, Patrisi, mgonjwa mwenzangu. Mbishi, lakini anakohoa vizuri." Nilicheka huku machozi yanatoka.

Mikono ikapanda yote. Mashine inabaki, Baba! Inabaki, na wameazimia kuomba nyingine kwa ajili ya kata ya Sale.

Ila kuna jambo. Ngoitiko ameshawaahidi wazee wa Sale na Piyaya kwamba unakuja kuwafundisha mwezi ujao. Hakuniuliza, na najua wewe hakukuuliza. Nimewaambia utafika.

Mwanao,
Benedicta