Kichwa cha Treni Kinachoona Nyuma

Baba Neema wangu,

Nianze na habari yenyewe: lile dude kubwa la kichwa cha treni hawakulinunua. Mimi mkeo nimelikataa mbele ya wakubwa wote wa kampuni, na radhi sijaomba.

Unakumbuka tulivyokutana hapo yadini, mabehewa yanapopangwa? Mimi fundi wa injini za dizeli, binti wa Machame, grisi mpaka viwikoni. Wewe Mmeru wa Kikatiti, muunganisha mabehewa, kibendera chekundu kiunoni. Tulipooana ukanifundisha ishara zako jikoni. Mimi narudi kinyumenyume na sufuria ya makande, wewe unapunga mkono: njoo, njoo, taratibu, simama! Baadaye mwanetu Neema akituona, alicheka mpaka akakaa chini.

Ulizoea kuniambia, "Dereva asiponiona, mimi sipo."

Siku ile kwenye kona ya ghala la mahindi, dereva hakukuona. Kilikuwa kichwa cha safari ndefu, kina bodi ndefu ya injini nyuma ya dereva, inamziba asione. Ukisimama upande wa ndani wa kona, umepotea. Alirudisha mabehewa akidhani umeshatoka relini. Alilia msibani kuliko ndugu zako, na mimi sina kinyongo naye.

Sasa mwaka huu kampuni ikataka kununua kichwa kingine, na mimi, kama fundi mkuu, nikaitwa kwenye kikao. Meneja akasema, "Tuchukue kikubwa kimoja. Kivute mizigo mpaka Moshi, kikirudi kipange mabehewa yadini."

Nikakataa. Nikawaeleza kazi ya yadi ni kuvuta, kusimama, kurudi, kutwa nzima. Na kupeleka mabehewa matatu manne Usa River hakuhitaji nguvu zote zile. Kikubwa kitakunywa dizeli kikiwa kimesimama tu, na reli zetu za pembeni ni chakavu, hazitabeba uzito ule kila siku. Halafu nikasema lile la mwisho: dereva haoni nyuma.

Meneja akainamisha kichwa. "Mama Neema, pole sana. Lakini usituletee msiba ofisini."

"Msiba haukuanzia ofisini, bosi. Ulianzia yadini. Twendeni."

Sijui walinifuata kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshatoka mlangoni. Nikampandisha meneja kwenye kiti cha dereva, kichwa kilekile, injini imezimwa, breki zimefungwa. Nikatembea mpaka kwenye kona, nikasimama uliposimama wewe, nikapunga kibendera mpaka bega likauma.

"Unaniona?"

Nikasikia sauti yake, "Uko wapi, mama?"

"Nipo hapa alipofia mume wangu!"

Alishuka, akawaambia wenzake watafute kichwa kidogo.

Kichwa kidogo kimefika. Si kipya, rangi inabanduka, na madereva wamekibatiza bajaji. Waache wacheke. Chumba cha dereva kimeinuka juu, kina madirisha mbele na nyuma. Jana nilipanda na dereva, tukarudisha mabehewa kwenye kona ile. Nilimwona muunganishaji wetu mpya toka kofia mpaka viatu, muda wote. Nikashuka, nikaenda nyuma ya behewa nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Ila bado haijaisha. Kumbukumbu za kampuni zinasema ulikufa kwa uzembe wako. Meneja ananisihi, "Mama, kichwa si umeshapata? Tuyaache hayo." Nimemwambia siachi. Neema ni mkubwa sasa. Juzi tukimenya ndizi akaniuliza, "Mama, kwani baba alikosea nini?" Nikamjibu hukukosea kitu. Lakini jibu langu ni la mke. Nataka walitamke wao, kwa vinywa vyao, mtoto akiwa amekaa mbele yao.

Wakinihamisha, nitakuja langoni. Wakifunga lango, watanisikia nikiwa nje.

Wewe pumzika, Baba Neema. Mimi bado.

Mkeo,
Mama Neema