Mkono Usiofika Sikioni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haiji, lakini leo nimeingoja kidogo.

Jana nilitoka hospitali. Kidonda cha ulimini mwangu ni saratani, kama chako. Ni tambuu ile ile na tumbaku ile ile tuliyotafuna pamoja barazani kwetu Msambweni, tukibishana siasa. Daktari ameniuliza swali lile lile uliloulizwa wewe: kidonda kinapokatwa, zitolewe pia tezi za shingo, ambazo leo hazina dalili yoyote, au shingo iachwe na ichunguzwe kila baada ya muda?

Wewe ulitaka kujua jambo moja tu: utaweza kuinua mkono? Ukaambiwa neva ya bega hupita katikati ya tezi hizo, na ikiguswa bega huenda likalegea. Ukanigeukia ukicheka.

"Mimi ni muadhini, mwanangu. Mkono usiofika sikioni utaadhini nini?"

"Adhana ni koo, baba, si bega!"

"Haya, mufti wa kike, nyamaza." Ukachagua kuchunguzwa.

Sigombani na uchaguzi huo. Daktari mwenyewe alisema njia zote mbili zinafaa. Nagombana na kilichofuata. Kuchunguzwa si kungoja! Aliyekupangia siku hakuuliza kama itaangukia Ramadhani, nawe hukuuliza kama picha ya shingo, inayopigwa juu ya ngozi, inabatilisha saumu. Ulisema tu, "Nitakwenda baada ya Idd." Asubuhi ya Idd nilikukumbatia, shavu langu likagusa uvimbe chini ya taya yako.

Nimegombana na hospitali, na serikali, na wewe kaburini. Hakuna ugomvi ulionijibu: tezi zile zingetolewa mapema, ungekuwapo? Daktari wangu anasema hajui.

Tangu tukuzike, kila mwenzako anapoadhini naisikia sauti yako nyuma ya yake, na vidole vyangu vinapanda shingoni vyenyewe. Siwezi kuishi nikijipapasa hivi. Nimechagua kisu, hata shingoni.

Kidonda changu kiko kushoto, na bega litakalohatarishwa ni la kushoto. Mkono ninaoandikia ni wa kulia. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijiona shujaa. Alfajiri hii, adhana ilipoanza, nikauinua huo wa kulia mpaka sikioni, kama ulivyokuwa ukifanya, nikajiuliza: je, kidonda kingekuwa upande huu, ningechagua kisu?

Niliuacha mkono pale pale mpaka adhana ikaisha.

Niombee huko uliko.

Binti yako mbishi