Nywele za Maskati Hazikamati Kichwani kwa Mayasa

Mkunazini,
Mji Mkongwe,
Unguja.

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Shemsa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza na hali yako, maana mama alitulea hivyo, hata mtu uwe umefura kwa hasira kwanza uulize hali. Hujambo? Shemeji Gharib hajambo na mgongo wake? Joto la huko limepungua au bado mnapikwa? Sisi alhamdulillah wazima. Msabah wangu mguu unamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Mwanao Mayasa ana afya yake, anakula, na kila asubuhi anakwenda kuwafundisha watoto wake wa chekechea. Hayo nakwambia mapema ili usije ukashtuka huko mbele.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe hunisikilizi. Nikisema neno usilolitaka tu, mara hunisikii, mara mtandao mbaya. Haya, karatasi haina mtandao. Riyama, yule binti wa jirani yetu, anarudi Maskati kwa mumewe siku ya Alhamisi, nami nimempa barua hii pamoja na mfuko utakaoutambua mwenyewe. Usiufungue kwanza. Soma.

Nywele ulizoleta zilifika salama, na sikatai, ni nzuri. Ndefu, laini, zinang'aa, na rangi yake ndiyo hasa ya nywele za Mayasa. Nikasema mdogo wangu kajitahidi, na mie nijitahidi. Tena hukutaka apelekwe saluni, umeogopa maneno ya watu, ukataka nimbandike mie humu humu ndani. Sawa. Nani kanifundisha kazi hiyo? Hakuna. Lakini sawa.

Ile karatasi ya maelezo ilikuwa na maandishi madogo, nikamwambia Mayasa anisomee. Akanisomea vizuri, taratibu, kwa sauti yake ya kufundishia watoto. Nywele zake zioshwe mara mbili kwa ile shampuu kali uliyoileta. Losheni ya kulainisha isiguse mizizi. Zikaushwe mpaka ndani, zichanwe, zinyooshwe kwa draya, zigawiwe mistari. Na juu ya yote, zisiwe na mafuta hata chembe, kwani gundi haikamati penye mafuta. Hapo aliparudia mara mbili. Nikamshukuru kwa kunisisitizia.

Basi nikaanza. Akirudi kazini namuosha, namkalisha juu dirishani akauke, nami nashuka jikoni na kusali. Alasiri napanda, nawasha kile chuma cha kuyeyushia gundi, nashika kishungi kimoja cha kujaribia, nakibandika nyuma ya sikio pasipoonekana. Nahesabu, napuliza, nasubiri kipoe. Mwenyewe anashuka ngazi, na kishungi nacho kinashuka mgongoni. Khaa! Nikasema leo nimekosea. Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile.

Shemsa, sijui nikwambie nini. Nimeyalaumu maji ya bomba kwamba yana chumvi, nikawa namuosha kwa maji ya kunywa, ya dumu, Msabah ananitumbulia macho. Nikaulaumu udi, nikasema moshi wake unaganda kwenye nywele, nikakificha chetezo. Ijumaa nzima nyumba yangu haikunukia udi, utadhani imehamwa. Nikailaumu gundi, labda imeharibika njiani kwa joto. Nikakulaumu na wewe, hilo nakwambia wazi.

Mwisho nikailaumu mikono yangu. Nikajiambia mwanamke niliyekuna nazi tangu utoto, mafuta yameshaniingia kwenye ngozi, kila nikimshika kichwa namtia mafuta, ndiyo maana kinateleza na kinanukia nazi. Basi nikaipiga nazi marufuku. Nyumba hii! Wali mkavu, mchuzi wa maji, muhogo wa kuchemsha na chumvi. Msabah siku ya kwanza alikula. Siku ya pili alisukuma sahani akaniuliza, "Zeyana, huu ni wali au adhabu?" Nikamwambia avumilie, ni kwa ajili ya mtoto. Akasema yeye tangu mwanzo hakulipenda jambo hili, na kwamba najua dini inasemaje juu ya kuunga nywele. Nikamjibu akamwambie Shemsa. Akasema Shemsa ana mtandao mbaya.

Jana ndiyo nikayajua. Nimeshamuosha, nimeshashuka, nikakumbuka miwani yangu nimeiacha juu. Nikarudi. Namkuta mwanao amekaa pale pale dirishani nilipomweka, kichupa kiko mapajani, kiganja kimejaa mafuta ya nazi, anajipaka kichwani kwa utulivu, mzizi kwa mzizi, wala hana wasiwasi. Na kichupa chenyewe nakijua. Ni mafuta niliyompikia mimi kwa mikono yangu mwaka jana, alipotoka hospitali na ile homa ya matumbo, nywele zilipoanza kuchipua upya.

"Mayasa! Unafanya nini?"

"Napaka mafuta, mama mkubwa."

Hivyo tu. Hata kukificha kichupa hakukificha. Wallahi nilipiga kelele mpaka wa nyumba ya pili wakafungua dirisha. Nilimwambia yeye ndiye aliyenisomea karatasi, yeye ndiye aliyerudia mara mbili, kumbe alikuwa anajifundisha njia ya kunikomoa! Mume wangu kala wali mkavu siku ngapi kwa ajili yake! Nikamuuliza kama anataka kuniua kwa presha. Akaniacha niseme yote, kisha akaniomba radhi kwa wali. Kwa wali tu.

Halafu akaniambia hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Mama mkubwa, nikizivaa hizo Jumamosi, nitazivua lini?"

Hebu nijibu wewe. Jumamosi Bi Mwanamkasi anakuja kutoka Paje na ndugu zake kumuona mchumba wa mwanawe. Ni wanawake watupu, watavua mabuibui, watakaa ukumbini, watamtazama. Wewe ulimuonyesha Bi Mwanamkasi picha ya Mayasa wa zamani, wa kabla ya maradhi, ukajigamba kwamba mwanao nywele zake anazikalia. Hukumwambia kwamba zilipukutika zote. Sasa tumbandike Jumamosi, zikimbanduka arusini je? Zikimbanduka mbele ya mumewe je? Au awe mtu wa kukimbilia chumbani na pasi ya gundi umri wake wote?

Usidhani hamtaki mchumba wake Haitham. Anamtaka, na hilo ndilo linaloniumiza. Wanazungumza kwa simu, sisi wakubwa tunajua, na akimaliza kuzungumza naye anaimba jikoni. Naye Haitham kaiona picha ile ile tu. Huenda Jumamosi wale mama wakanywa chai yangu, wakala sambusa zangu, wakashukuru, wasirudi tena. Mayasa anajua. Ameniambia anaogopa. Lakini kasema wakiondoka, bora waondoke sasa.

Na wewe mdogo wangu, nimekukasirikia, sikufichi. Ulishindwa kuja alipolazwa, nilikuelewa, Gharib naye alikuwa kitandani na wewe ni mmoja. Sikukulaumu jana wala leo. Nililokukasirikia ni hili. Nimemuuliza mwanao kwa nini hakukwambia mwenyewe kwamba hazitaki nywele hizo. Akasema, "Mama hajakiona kichwa changu tangu niumwe. Kila nikimpigia ya video ananambia nivae mtandio kwanza." Nikamwambia si kweli. Nami nikaanza kukumbuka simu moja moja, Shemsa, na mimi nilikuwepo chumbani, nikisikia ukisema. Funika kichwa mwanangu, utapata baridi. Baridi gani Unguja? Ala!

Labda ulikuwa huwezi kustahamili kumuona vile. Mimi pia nilikuwa siwezi. Nilikuwa namuosha kile kichwa huku nimegeuza uso ili asinione ninavyolia. Lakini ilinibidi, na sasa nakwambia wewe usichokiona. Zimeota. Zimefika urefu wa vidole vinne, nyeusi tii, zimejaa, zinajikunja vizuri, na mbele pale kwenye paji zimekaa kama zilivyokuwa za marehemu mama. Jana, nilipokwisha kugomba, nilichukua kile kichupa mkononi mwake nikampaka mwenyewe, na mwisho nikamsuka. Leo nimekuna nazi mbili. Msabah kala mpaka kalala.

Sasa nisikilize. Mimi simbandiki. Nywele zako nimezirudisha ndani ya mfuko alio nao Riyama, hakijapungua kishungi hata kimoja, ila kile nilichokijaribia kina mafuta. Na kabla ya Jumamosi umpigie simu Bi Mwanamkasi umueleze kweli. Wewe ndiye uliyetia chumvi, wewe ndiye wa kuitoa. Mwambie mtoto aliumwa, nywele zilitoka, Mungu kamponesha, zinaota. Ni maneno mafupi. Usipompigia wewe, nitampigia mimi, na unanijua, mimi sina maneno mafupi. Wageni wangu hawatoingia ukumbini kwangu nikawalisha uongo pamoja na sambusa.

Jengine ni Ijumaa. Wanaume wakirudi msikitini, Mayasa atakupigia simu ya video. Hatovaa mtandio. Nimemwambia nitakuwa karibu naye, lakini sitosema kitu. Pokea, Shemsa. Usiniambie mtandao. Kama utalia, lia, yeye hatoshtuka, ametuona wengi tukilia. Ila usimwambie afunike kichwa.

Nisalimie sana shemeji Gharib, mwambie asinyanyue vitu vizito. Nisalimie wanangu Ayoub na Ummkulthum, waambie mama yao mkubwa anawakumbuka na anasubiri likizo. Huku Msabah anakusalimu, kasema hana kinyongo na wewe ila cha wali. Bi Radhiya wa mlango wa pili naye anakusalimu, anaulizia lini utakuja umpikie ile kahawa yako.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko ugenini, akupe wepesi kwenye ulimi na moyo, na atukutanishe sote siku ya arusi ya Mayasa tukiwa wazima, iwe hii au nyengine atakayoiandika Yeye. Amin.

Wako akupendaye hata anapokugomba,
Dada yako Zeyana

Nimesahau. Ndani ya mfuko, chini ya zile nywele, mna kichupa cha mafuta ya nazi, nimekifunga kwa plastiki kisimwagike. Ni chako, kakutilia Mayasa. Anasema ukimpigia unakuwa kichwa wazi, na ameona nywele zako zimeanza kukonda hapo mbele. Upake kila ukishaoga.