Pijo na Foksi

Mdogo wangu,

Huku tupo, baridi tu na chai isiyo na ladha. Mwambie yule rafiki yako kinyozi ameshindwa ule ubishi wake kwamba Foksi inaishinda Pijo kwa mbio. Hapa gereji magari yote mawili yapo. Pijo 504 inafika kilomita mia na sitini kwa saa. Foksi ya mgongo wa kobe ni mia na ishirini, tena inalia njia nzima. Ila Foksi haina rejeta, kwa hiyo haichemshi maji mlimani.

Kwa uzito, Pijo imezidi tani moja. Hilo sikuambiwa na mtu. Juzi jeki iliteleza, Pijo ikanilalia mkono wa kulia. Vidole vimebaki viwili. Siumii, sisikii kitu. Fundi mkuu akasema, “Pole, ndugu yangu, lakini hapa kazi ni mikono.” Basi kazi imeisha.

Nimeandika kwa kushoto. Mama akitaka kusomewa, msomee wewe, uishie kwenye mambo ya magari.

Ni mimi, kaka yako.