Kilio na Moshi

Jumatatu, 4 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nimesahihisha daftari zote za Kidato cha Tatu, chai imepoa. Ijumaa maonyesho ya sayansi. Mwakilishi wetu ni Atuganile wa Lufingo. Akishinda, baba yake atamwacha aendelee na shule. Akishindwa, anaenda kuchuma chai.

Mada yake: mashimo meusi mawili makubwa mno yakigongana huko mbali, anga lenyewe hutikisika. Vipimo vitahisi mtikisiko, mahali hasa havitajua. Gesi inayoyazunguka ikiwaka, mwanga wake ndio utakaoonyesha. Binti kaelewa kuliko mimi.

Jumatano, 6 Mei
Mazoezi. Atuganile eti: "Madam, ni kama msiba kwetu. Ukungu umejaa, unasikia kilio bondeni, hujui kwa nani. Ukiona moshi wa moto wa msibani, unajua nyumba."

Nikamkatiza. Maonyesho si matanga! Nimemfutia yote, nimemwandikia Kiingereza safi akariri. Hakubisha.

Ijumaa, 8 Mei
Nina hasira. Atuganile kasema sentensi mbili, ya tatu ikampotea. Jaji mmoja, kwa dharau: mwanga wa nini, kama mtikisiko mmeshaupata? Swali jepesi! Jibu analo tangu Jumatano. Akanitazama mimi, kisha akashuka jukwaani bila kulitoa.

Kombe wamepewa wenye volkano ya magadi na siki. Volkano! Na Mlima Rungwe, volkano halisi, upo hapo dirishani.

Jumamosi, 9 Mei
Mkuu wa shule kapiga simu kunisimanga. Nimemkatia. Nimemtukana jaji, nimemtukana mkuu, mpaka ukungu nimeutukana. Wapi. Mchawi ni mimi. Jibu lilikuwa moshi, na moshi niliufuta mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mjinga mkubwa mimi.

Jumatatu, 11 Mei
Kiti chake kitupu. Wenzake wanasema yuko kwenye chai. Nimelifokea darasa zima bila sababu.

Jumanne, 12 Mei
Nimekwenda Lufingo. Ukungu, njia siioni. Nikasikia kilio. Nikawaza: isije ikawa kwao. Nikasimama mpaka moshi ulipojitokeza juu ya migomba. Kwa jirani yao, kafariki bibi mmoja mzee sana.

Nikakaa na akina mama. Atuganile akaniletea maji. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza swali la jaji. Akaonyesha moshi kwa kidevu.

Baba yake akataka kujua tunasema nini. Nikamwambia, baba, muulize mwenyewe. Binti akamweleza kwa Kinyakyusa, taratibu, tangu mwanzo. Sikumkatiza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza sare yake iko wapi.