Waya wa Juu ya Kitanda

Mdogo wangu,

Mzigo uliotuma umefika, na mama anakusalimu. Fundi ameusifu: waya ni shaba tupu, na swichi ya kugawa intaneti si ya mchezo. Ila kuna kitu kimemtatiza. Ulisema nyaya zote ni za kompyuta za watoto. Mbona mchoro wako unapeleka mmoja chumbani kwa mama, utokeze darini, juu ya kitanda chake? Nani huchomeka kompyuta darini? Fundi anasema swichi hiyo hupitisha na umeme ndani ya waya huohuo wa intaneti, na wengi huinunua kwa ajili ya kamera.

Nani kakujaza maneno, sitauliza. Waya umeshavutwa, unaning'inia. Ukitaka kuona mama anavyogeuzwa kitandani, njoo. Mimi hushika mabegani. Miguuni hakuna mtu.

Dada yako